Sanduku la riale: shajara ya mradi

Januari 4

Shangazi kanikabidhi mkebe. Ni ule wa biskuti uliokuwa uvunguni mwa kitanda cha bibi, Pangani, tangu sijazaliwa, na sisi watoto tuliruhusiwa kuusikia ukitikiswa tu, si kuufungua. Ndani mna kipande cha kanga kilichochakaa, na ndani ya kanga sarafu kumi na tatu za fedha: riale saba kubwa za yule mama mwenye mtandio, Malkia Maria Theresa wa Austria, rupia tatu za Mdachi, na shilingi tatu za wakati wa Mwingereza zenye simba mgongoni.

Mradi ni huu: nitengeneze sanduku la mninga lenye vishimo, kila sarafu na kishimo chake, na kila kishimo kiwe na kadi ya Kiswahili. Sitaki kadi ya "sarafu ya kale ya Ulaya" halafu basi. Nataka mtu asiyejua Kilatini asome kilichoandikwa pale neno kwa neno, amjue mtawala aliyeamuru kiandikwe, na aone kama mtawala huyo alikuwa anasema kweli. Nimejipa mpaka mwisho wa Juni.

Kuna pengo moja. Wazee wa pwani walizitenga riale kwa majina: riale ya Shamu, riale ya mzinga, riale ya Fransa. Katika mkebe mna ya Shamu peke yake, ndiyo ile ya Maria Theresa. Zile mbili itabidi ninunue.

Januari 11

Mizani ya sonara imefika, inapima hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Kabla sijapima chochote nimekuta shangazi kakaa kibarazani na nusu limau, majivu kwenye kisahani, na riale moja mkononi tayari inang'aa upande mmoja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba anipe. Hakupenda. "Mwanangu, fedha husuguliwa. Bibi yako alizisugua kila Idi."

Nikamweleza. Ule weusi ni fedha yenyewe ikikutana na salfa ya hewani, nao unafunika kilicho chini yake. Majivu ni mchanga mwembamba. Kila msuguo unaondoka na unywele wa malkia, lulu ya taji lake, herufi ya jina lake. Na kweli, kwa lenzi unaona: riale tano kati ya saba zina shavu bapa kama limepigwa pasi. Idi nyingi zimepita juu ya shavu lile. Kuanzia leo ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, na kukausha kwa kugusisha kitambaa tu.

Januari 19

Siku ya mizani. Riale ya Shamu kwa kanuni ya kiwanda ni gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni sehemu 833 kwa 1,000, zinazobaki ni shaba. Zetu tano nzima zimetoka kati ya 27.88 na 28.03. Moja ina tundu, 27.52. Moja imechomelewa kipete cha kutungia mkufu, 29.34, hiyo haiwezi kulinganishwa.

Uzito peke yake hautoshi, maana mghushi mwenye akili huongeza unene. Kwa hiyo nimefanya jaribio la maji. Unaweka glasi ya maji juu ya mizani, unairudisha kwenye sifuri, halafu unaining'iniza sarafu kwa uzi hadi izame bila kugusa kitako wala ukingo. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo, umepata densiti. Fedha safi ni 10.49, shaba 8.96, na mchanganyiko wa 833 unatakiwa uwe karibu na 10.2. Riale ya kwanza: 28.03 kwa 2.76, ni 10.16. Nyingine zote zimekaa humo humo.

Lugha yetu ilishalisema hili zamani: fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Kwa watu waliokuwa wakipokea riale hizi vile ndivyo ilivyokuwa. Hawakuhitaji kujua Vienna, mji wa malkia, iko wapi.

Nimeamua kila kadi iwe na mistari miwili mikuu: *Sarafu inasema* na *Mizani inasema*.

Februari 2

Leo kutwa na riale ya Shamu. Upande wa uso: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Upande wa tai mwenye vichwa viwili: ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR. 1780 X. Kwenye ukingo, kwa herufi zilizoinuka: IUSTITIA ET CLEMENTIA, Haki na Rehema.

Nilivyolifungua: Maria Theresa, kwa neema ya Mungu, Kaisari wa kike wa Warumi, Malkia wa Hungaria na Bohemia, Arkiduki wa Austria, Duki wa Burgundy, Mkuu wa kaunti ya Tirol. Cheo cha duki kimenisumbua. Nilitaka kuandika "mtemi", nikaacha, kwa sababu mtemi ana watu wake na miiko yake huko bara, na si haki kumwazima jina kwa ajili ya kadi.

Sasa ukweli wa vyeo. Malkia wa Hungaria na Bohemia alikuwa kwa haki yake mwenyewe: baba yake, Karl VI, alifariki Oktoba 1740 bila mtoto wa kiume, na kabla mwaka haujaisha Friedrich II wa Prussia alikuwa keshalivamia jimbo lake la Silesia akijua aliyerithi ni binti wa miaka 23. Alivishwa taji la Hungaria mjini Pressburg, ambayo leo ni Bratislava, Juni 1741. Lakini ukaisari haukuwa wake. Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi alichaguliwa, na hakuchaguliwa mwanamke. Aliyechaguliwa mwaka 1745 ni mumewe, Franz I. Yeye ni IMP. kama mke wa kaisari. Aliyekuwa anatawala ni yeye. Hati ndiyo iliyokuwa ya bwana.

Na Burgundy? Ile duchi ilichukuliwa na Ufaransa mwaka 1477, aliposhindwa na kuuawa Duki Charles katika vita vya Nancy. Binti yake aliolewa na Maximilian wa Habsburg, na ukoo ukaendelea kubeba jina la ardhi ambayo haikuwa tena mikononi mwao. Miaka mia tatu baadaye bado limo kwenye fedha. Hawakuwa peke yao: wafalme wa Uingereza walijiita wafalme wa Ufaransa tangu Edward III, mwaka 1340, wakakiacha cheo hicho mwaka 1801 tu.

Mtandio nao ni maandishi. Franz alifariki ghafla mjini Innsbruck, Agosti 1765, na Maria Theresa hakuvua nguo za eda mpaka alipofariki yeye mwenyewe, miaka kumi na mitano baadaye. Uso tuujuao pwani ni uso wa mjane. Hilo nimeliweka kwenye kadi mbele ya mambo ya vita.

X ya mwisho si kumi. Ni msalaba wa Burgundy, alama ya kiwango kipya cha fedha kilichoanza mwaka 1750. S.F. chini ya kifua ni maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby.

Februari 9

Jana usiku sikulala vizuri kwa ajili ya CO. TYR. na BO. REG. Nimegundua kwamba vyeo hivyo viwili, kwenye sarafu ileile, vinaonyesha mahali ambapo riale yenyewe ilizaliwa.

Anza na Tirol. Karne ya 15 Arkiduki Sigmund wa Tirol alikuwa na tatizo la kipekee: dhahabu hakuwa nayo, lakini milima ya Schwaz ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi. Sarafu kubwa za biashara wakati huo zilikuwa za dhahabu, na zile za fedha zilikuwa ndogo nyembamba. Mwaka 1486, katika kiwanda chake cha Hall, akapiga sarafu ya fedha ya karibu gramu 32, yenye thamani sawa na guldeni moja ya dhahabu. Fedha nzito ya kutosha kusimama mahali pa dhahabu: wazo ni hilo, na Ulaya nzima ililifuata.

Halafu Bohemia. Karibu na mwaka 1516 fedha iligunduliwa katika bonde la mpaka wa Saxony, nalo likaitwa Joachimsthal, bonde la Mtakatifu Joachim. Wenye bonde walikuwa makaunti wa Schlick. Wakaanza kupiga sarafu nzito kwa mfano wa ile ya Tirol: upande mmoja Mtakatifu Joachim, upande mwingine simba wa Bohemia na jina la Mfalme Ludwig. Watu wakaziita "za Joachimsthal", wakachoka, wakasema "thaler". Waholanzi wakasema "daalder", Waingereza "dollar", nasi dola.

Mfalme Ludwig aliyeandikwa pale alikufa Agosti 1526, ana miaka ishirini, akikimbia vita vya Mohács alivyoshindwa na Sultan Suleiman. Hakuwa na mtoto. Mataji yake ya Hungaria na Bohemia yakaenda kwa shemeji yake Ferdinand, wa Habsburg, ambaye mwaka 1528 aliwanyang'anya Schlick haki ya kupiga sarafu. Kwa hiyo HU. BO. REG. ya Maria Theresa imetoka moja kwa moja kwenye kinamasi cha Mohács.

Bonde lenyewe leo linaitwa Jáchymov, liko Ucheki. Jiwe jeusi ambalo wachimbaji wake walilitupa pembeni kwa karne nyingi wakitafuta fedha ndilo Marie na Pierre Curie walimogundua elementi ya radi (radium), mwaka 1898. Halihusiani na sanduku, lakini siwezi kuliacha liende.

Februari 23

Nimekwenda kwa shangazi na rasimu ya kadi. Nilijua patakuwa na shida kwenye mwaka.

Katika ukoo inasemwa kwamba riale hizi zilitolewa mahari ya mama wa bibi, na kwamba ni za mwaka 1780 kwa sababu imeandikwa 1780. Nikamwambia: huo ni mwaka aliofariki malkia, tarehe 29 Novemba. Waliziacha hapo.

"Waliziacha vipi?"

"Waliendelea kuzipiga, shangazi, kwa mwaka uleule na uso uleule."

"Amekufa, na wanaendelea kumpiga chapa?"

"Mwanawe Josef alipiga zenye uso wake. Lakini biashara ya Levanti, yaani mashariki ya Mediterania, na ya Bahari ya Shamu ilikwisha mzoea mama. Mwenye kahawa kule Yemeni alikuwa akiangalia mtandio, lulu za kifundo begani, maandishi ya ukingo. Ukimletea uso mwingine anakurudishia. Basi kiwanda kikatoa kile kinachopokelewa."

Akakaa kimya kidogo, akauliza wamempiga mpaka lini. Hapo ndipo kadi moja haitoshi. Austria yenyewe iliiondoa riale katika fedha halali mwaka 1858 lakini haikuacha kuipiga kwa ajili ya ng'ambo. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia ambako watu hawakuamini noti, alipata kutoka Austria haki ya kuipiga kwa miaka 25, na zana za chapa zikaenda Roma. Waingereza na Wafaransa, ambao nao walikuwa na biashara za kulipia kwa riale, wakaanza kuipiga London na Paris. Ikafuata Brussels, na wakati wa vita ikapigwa Bombay. Zote 1780. Vienna ilirudi kuwa na haki hiyo peke yake baada ya 1960.

Shangazi alizichukua zote saba, akazipanga juu ya mkeka, akazitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mahari ni mahari. Andika zilipigwa baadaye, lakini andika na mahari." Nimeandika vyote viwili.

Machi 8

Riale ya Fransa imewasili. Ndugu yangu anayeishi Ujerumani kaileta kwenye begi lake la mkononi, ndani ya soksi. Ni faranga 5 za mwaka 1834, herufi W, yaani kiwanda cha Lille. Gramu 24.71, maji 2.40, densiti 10.30. Barabara kabisa kwa fedha ya 900. Sheria ya Machi 1803, ya enzi za Bonaparte, ilisema faranga moja ni gramu 5 za fedha hiyo, kwa hiyo faranga 5 ni gramu 25. Sarafu iliyobebwa mifukoni miaka na miaka imepoteza chini ya theluthi moja ya gramu.

Maandishi yake ni mafupi: LOUIS PHILIPPE I ROI DES FRANÇAIS. Mfalme wa Wafaransa. Aliyemtangulia, Charles X, aliandika "Mfalme wa Ufaransa". Kwa Kiswahili tofauti inaonekana vizuri: mmoja ana nchi, mwingine ana watu. Charles X aliangushwa na mapinduzi ya Julai 1830, na Louis-Philippe aliwekwa na bunge, kwa hiyo alilazimika kusema ametoka wapi. Hata ukingo ulibadilika. Wa Charles X unaomba kwa Kilatini, "Bwana, mwokoe mfalme." Huu wangu unasema kwa Kifaransa, "Mungu ailinde Ufaransa." Mfalme kajitoa kwenye dua.

Alitawala miaka 18, akaondolewa na mapinduzi ya Februari 1848, akakimbilia Uingereza kwa jina la kubuni la Bwana Smith. Alifia huko 1850.

Machi 30

Habari mbaya, na nitaiandika yote.

Riale ya mzinga ilifika jana kwa kifurushi. Nilikuwa nimeisubiri wiki tano. Carolus IIII, yaani Mfalme Carlos IV wa Uhispania, mwaka 1806, alama ya Meksiko, M yenye o ndogo juu yake, maofisa T.H. Upande wa nyuma ngao ya Uhispania kati ya nguzo mbili zilizozungushiwa utepe. Ndizo nguzo za Hercules, lango la Gibraltar, na utepe unasema PLUS ULTRA, "mbele zaidi", wito wa Karl V. Waarabu na watu wa pwani waliotazama nguzo hizo waliona mizinga, ndipo jina likaja.

Mkononi nilihisi wepesi kabla sijaiweka. Mizani: 23.87. Inatakiwa karibu na 27. Nikajiambia labda imechakaa, ingawa herufi zote zimesimama kali. Maji: 2.79. Densiti 8.56. Hiyo ni chini hata ya shaba. Ukingo wa sarafu ya kweli una vimduara na vimstatili vinavyopishana. Huu una mstari mwembamba unaozunguka wote, mahali kalibu mbili zilipokutana. Ni ya kumiminwa. Aliyeniuzia hajibu tena.

Niliumia, si kwa hela tu. Hii ndiyo sarafu niliyokuwa nimeiandalia kadi kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna fedha ya Ulaya iliyosafiri kama hii. Ilichimbwa Meksiko na Potosí, ikapita Manila hadi Uchina, ambako wafanyabiashara waliigonga mihuri yao usoni kuthibitisha. Ikapita Cádiz hadi Ulaya yote. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza, ikiwa imeishiwa fedha, ilizigonga sarafu za Kihispania kichwa kidogo cha George III kwenye shingo ya mfalme wa Uhispania na kuzitoa kwa shilingi 4 na peni 9. Watu wakasema vichwa viwili vya wafalme havifiki krauni moja, maana krauni ni shilingi 5.

Na ndiyo sarafu inayofundisha zaidi kuhusu uso na ukweli. Carlos III alipofariki Desemba 1788, habari zilivuka bahari kabla ya picha ya mwanawe. Sarafu za Meksiko za 1789 na 1790 zina jina la mtoto na uso wa baba. Mwaka 1808 Napoleon alipomtoa mwana huyo na mjukuu, Fernando VII, kwenye kiti, viwanda vya Amerika vilipiga sarafu za Fernando bila kuwa na sura yake. Wakabuni mtu mwenye deraya na shada kichwani, na huyo wa kubuni akapita sokoni kama mfalme, huku mfalme mwenyewe kafungiwa Valençay, Ufaransa.

Hata wenye kiwanda walidanganya. Mwaka 1772 taji la Uhispania liliagiza kwa siri fedha ndani ya sarafu hii ipunguzwe, na mwaka 1786 ikapunguzwa tena, kutoka takriban 917 hadi 896 kwa 1,000. Nje hakuna kilichobadilika kueleza hilo.

Nimeamua bandia itakaa sandukuni, katika kishimo chake, na kadi yake: *Sarafu inasema: Carolus IIII, mfalme wa Hispania na Indi. Mizani inasema: hapana.* Kishimo cha riale ya mzinga ya kweli kitasubiri kando yake.

Aprili 12

Fundi seremala wa Ngamiani kapokea vipimo. Vishimo vya milimita 41 kwa riale, 38 kwa faranga, 31 kwa rupia, 28 na nusu kwa shilingi. Nimemkataza gundi ya aina yoyote na rangi ndani. Mvuke wake unaharakisha weusi. Mninga mtupu, na pamba.

Aprili 26

Rupia. Mbili za 1890 na 1892, moja ya 1910 yenye J ya Hamburg. Uzito wa kanuni 11.66, fedha 917, sawa kabisa na rupia ya India, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitumika pwani na Mjerumani asingepokelewa na kitu chepesi zaidi. Zetu: 11.52, 11.49, 11.60. Densiti zote juu kidogo ya 10.2.

Uso: GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Wilhelm II wa Ujerumani, na kofia ya chuma yenye tai anayetaka kuruka. "Imperator" wa nini, haisemi. Cheo chake rasmi kilikuwa Kaisari wa Kijerumani, si Kaisari wa Ujerumani. Babu yake, Wilhelm I, aligombana na Bismarck juu ya maneno hayo mkesha wa kutangazwa Versailles, Januari 1871, kwa kuwa wafalme wa Bavaria na Saxony na wengine hawakutaka mtu ajiite mwenye nchi yao. Kilatini kimemruhusu kukwepa.

Geuza. Sarafu ya 1890 haina nembo ya dola. Ina simba mbele ya mnazi na jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Kampuni ya biashara imepiga uso wa kaisari. Hapo Pangani, Septemba 1888, watu waliikataa kampuni hii ilipotaka kuchukua forodha na kupandisha bendera yake, na vita vya Abushiri vikaanza. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Sarafu hii ni ya mwaka uliofuata, na ilikuwa katika mkebe wa bibi, Pangani. Sijui niliandikeje hilo kwa maneno sitini. Nimeandika tarehe tu, zikifuatana.

Ya 1910 inasema Deutsch Ostafrika, serikali. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100, na heller zikabaki mdomoni mwetu: hela. Wilhelm alikimbilia Uholanzi Novemba 1918, akafia Doorn mwaka 1941, na kila siku sokoni Tanga mtu anauliza hela iko wapi.

Mei 10

Shilingi za George V, 1922, 1924, 1925. Gramu 7.7 na kitu, maji 0.83, densiti 9.3. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea uzi. Sikukosea: ni fedha 250 kwa 1,000, robo tu, na ndivyo ilivyoamriwa. REX ET IND: IMP:, mfalme na kaisari wa India, yote kweli kisheria. Vyeo vimetimia na fedha ndiyo iliyopungua. Uingereza kwenyewe fedha ilishushwa kutoka 925 hadi 500 mwaka 1920.

Waingereza wana historia na jambo hilo. Henry VIII, kuanzia 1544, alipunguza fedha hadi sarafu zikawa kwa sehemu kubwa shaba, na fedha juu juu tu. Sura yake ilitazama mbele, na pua, kwa kuwa ndiyo iliyojitokeza, ilikuwa ya kwanza kuchubuka na kuonyesha wekundu. Wakamwita Pua ya Shaba. Binti yake Elizabeth alizikusanya na kuzipiga upya 1560 na 1561. Hilo nimelitia kwenye kadi kwa mstari mmoja.

Mei 31

Kadi kumi na tano zimeandikwa kwa mkono, wino mweusi. Nimefuta zaidi ya nilivyoandika. Ya Maria Theresa nimeirudia mara sita na bado mtandio na Mohács vinagombea nafasi. Nimempa kadi ya pili.

Juni 21

Sanduku limekamilika. Nilimpelekea shangazi jioni, baada ya alasiri. Alisoma kadi moja moja kwa miwani ya kusomea, akauliza mzinga wa kweli unakuja lini, akaipita ile bandia bila kuigusa.

Kisha akainyanyua ile riale yenye kipete. Bintiye mjomba anaolewa Jumamosi, na kipete kile, alisema, hakikuchomelewa kwa ajili ya pamba. Akatoa uzi mwekundu kifuani, akaitunga pale pale.

Kadi yake nimeiacha mahali pake, nimeongeza kwa kalamu ya risasi: *Iko harusini, itarudi Jumatatu.*